Kilichohama na Kilichobaki

Kwetu mtu akisema amehama, watu humwuliza mambo mawili: umehamia wapi, na vyombo umevipitishaje. Hakuna anayemwuliza kama majirani nao wamehama, maana majirani hawahami na mtu. Nimeanza na hilo, ndugu msomaji, kwa sababu nataka kueleza uhamaji mmoja ambao majirani walijaribu kuhama wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, bila lori wala mkokoteni, na mpaka leo wenyewe wanabishana kama walifika au hawakufika.

Nawazungumzia watu wa LiveJournal. Wakati mtandao huo umechangamka mimi nilikuwa darasa la kwanza, na simu ya pale nyumbani ilikuwa moja tu, tena ya tochi. Kwa hiyo habari hizi sikuzishuhudia. Nimezipata kwa kusoma waliyoyaandika wenyewe, na hao ni watu wa kuandika kila kitu bwana, hata ugomvi wao wameuhifadhi kwa tarehe. Kilichonivuta ni kwamba walikuwa waandishi. Si waandishi wa kutajwa magazetini; wengi wao walikuwa wanawake na wasichana waliotunga hadithi usiku baada ya kazi, hawalipwi hata senti, na wasomaji wao ni wao kwa wao. Sasa mwandishi wa namna hiyo akipoteza pale anapokutana na wasomaji wake, anabaki na nini?

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Brad Fitzpatrick, aliyezaliwa 1980, alitengeneza programu ya kuandikia shajara kwenye intaneti, ili yeye na wenzake waliosoma pamoja sekondari wasipotezane. Nia yake ilikuwa ndogo tu hivyo. Kila mwenye akaunti alikuwa na shajara yake, na kila shajara ilikuwa na orodha ya marafiki. Ukifungua ukurasa mmoja unakuta maandishi mapya ya marafiki wako wote, la karibuni juu, la zamani chini. Leo hilo hata mtoto analijua, lakini wakati ule lilikuwa jambo geni. Andiko uliweza kulifunga lisomwe na marafiki tu, au na wachache kati yao. Paliweza pia kuundwa jumuiya, yaani shajara ya watu wengi wenye jambo moja: wapenzi wa kitabu fulani, wafuga paka, watu waliofiwa. Nembo yao ilikuwa mbuzi, jina lake Frank.

Lakini kiini cha mahali pale, kwa maoni yangu, kilikuwa chini ya andiko. Kila andiko liliachiwa nafasi ya majibu, na kila jibu liliweza kujibiwa pale pale chini yake, na jibu la jibu nalo likajibiwa, kila mara likisogea kidogo kulia. Mabishano yakinoga, maneno yalibanwa upande wa kulia wa ukurasa mpaka mstari unabaki na maneno mawili matatu. Mtu aliweza kurudi baada ya wiki akakuta uzi wake ungali hai. Kilikuwa kibaraza hasa. Tofauti na kibaraza chetu cha kahawa ni kwamba maneno ya jana hayakwenda na upepo. Yalikaa pale pale, na aliyechelewa aliyasoma, akachangia kana kwamba alikuwapo.

Waliokifaidi kibaraza hicho kuliko wengine ni watunzi wa hadithi za mashabiki. Tafadhali usicheke. Shabiki anachukua wahusika wa kitabu, filamu au mchezo wa televisheni anaoupenda, anawatungia mambo ambayo mwenyewe hakuyatunga. Kwa nini yule daktari hakuoa? Siku ile mlango ulipofungwa, ndani palisemwa nini? Sisi Abunuwasi tunamsimulia kila mtu kwa namna yake wala hakuna anayetudai ruhusa. Kwa wenzetu wahusika wana wenyewe na sheria ya hakimiliki inawalinda, kwa hiyo hadithi hizi zilisambazwa bure, aghalabu kwa majina ya kupanga, na kwa tahadhari. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek walikwisha toa gazeti dogo la kurudufu lililoitwa Spockanalia, wakalipeleka kwa wenzao kwa posta. Wanaotengeneza majarida kama hili watawaelewa: stenseli, wino mikononi, bahasha, na kungoja.

Kutoka kwenye karatasi watu hao walihamia kwenye vikundi vya barua pepe, na kutoka huko wakaingia katika tovuti kubwa za hadithi. Moja yao, FanFiction.Net, iliyoanzishwa 1998, ilipiga marufuku hadithi za watu wazima mwaka 2002, na mtu akiamka hadithi yake hayupo nayo. Kwa hiyo walipojaa LiveJournal hawakuwa wageni wa kufukuzwa. Walikwisha hama mara mbili tatu, na kila mara walipoteza kitu njiani.

Januari 2005 Fitzpatrick aliiuza LiveJournal kwa kampuni ya Six Apart ya San Francisco. Mwanzoni wenye mtandao walikuwa wameahidi kwamba hautakuwa na matangazo ya biashara. Mwaka 2006 matangazo yakaingia, kwa wale waliokubali kuyavumilia ili wapewe nafasi zaidi. Watu walinung'unika kidogo wakazoea, kama mpangaji azoeavyo mwenye nyumba anapofungua duka la mkaa uani.

Kisha ikaja Mei 2007. Mwishoni mwa mwezi ule, kati ya tarehe 29 na 30, zilifungwa akaunti kama 500 kwa mpigo. Kikundi kimoja kilichojiita Warriors for Innocence kilikuwa kimepeleka malalamiko kwamba humo mna watu wanaotetea unajisi wa watoto. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepinga watu wa aina hiyo kufukuzwa. Ila kampuni haikusoma maandishi. Ilitazama orodha ya mambo ambayo kila akaunti imesema yanaihusu, na palipoonekana maneno fulani, akaunti ikafungwa. Kwa kipimo hicho aliyeandika neno kwa kuwa lilimpata yeye mwenyewe utotoni, na sasa anatafuta wenzake wa kumfariji, alifungiwa sawasawa na anayeshukiwa ubaya. Ilifungwa hata jumuiya ya Kihispania iliyokuwa ikijadili riwaya ya Nabokov, Lolita. Zilifungwa na jumuiya za hadithi za mashabiki.

Ilivyoonekana kwa macho ndiyo iliyowaingia watu moyoni. Katika LiveJournal jina la akaunti iliyofungwa liliendelea kuonekana katika orodha za marafiki, ila limekatwa kwa mstari katikati, kama mwalimu akatavyo jina la mtoto aliyeacha shule katika daftari la mahudhurio. Basi mtu alifungua ukurasa asubuhi akakuta majina ya rafiki zake yamepigwa mistari, moja, mawili, matano. Mashabiki waliliita tukio lile Strikethrough, kwa jina la mstari huo. Siku zile zile waliunda jumuiya moja ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuhesabiwa: ingia, uonekane kwamba upo. Wakaingia maelfu. Mkuu wa kampuni, Barak Berkowitz, aliomba radhi hadharani, na akaunti nyingi zilirudishwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo mambo yakajirudia, safari hii kwa michoro.

Radhi iliombwa na akaunti zikarudi, lakini mtu aliyekwisha ona jina la mwenzake limekatwa halali tena usingizi ule wa zamani. Alijua sasa kwamba kibaraza kina mwenyewe, na mwenyewe ana watu wengine wa kuwaridhisha kabla yake.

Kabla hata ya mistari ile kulikuwa na jambo jingine. Mwezi huo huo wa Mei mashabiki walikuwa wamechukizwa na FanLib, kampuni iliyotaka kukusanya hadithi zao na kuzifanyia biashara. Waandishi wangeleta jasho, kampuni ingepata faida, na kesi ya hakimiliki ikija ingemwangukia mwandishi. Tarehe 17 Mei 2007 liliandikwa andiko katika LiveJournal hiyo hiyo likisema: tujenge ghala letu wenyewe, lisilo la biashara, linalosimama wazi na kutetea haki ya hadithi hizi kuwapo, na tusimamie wenyewe. Jina lililopendekezwa lilichezea kichwa cha kitabu cha Virginia Woolf cha 1929 kuhusu mwanamke kuwa na chumba chake mwenyewe. Katika majibu wito ulikuwa mmoja: seva ziwe zetu.

Seva ni kompyuta inayokaa mahali na umeme wake na waya zake, ndiyo inayotunza maandishi ya watu. Anayeimiliki ndiye anayeamua. Hawakusema watafute kampuni yenye huruma zaidi, nami nadhani hapo ndipo walipotofautiana na wahamaji wengi waliokuja baada yao.

Kusema ni rahisi. Mwaka 2007 lilianzishwa shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, na miongoni mwa waanzilishi alikuwamo mwandishi wa riwaya Naomi Novik na mwanasheria wa hakimiliki Rebecca Tushnet. Programu ya ghala hawakuinunua. Waliiandika, tena wengi wa waliojitolea walikuwa hawajawahi kuandika programu maishani mwao; walijifunza huku wanajenga. Hebu fikiri: mtu ni karani au mwalimu, anatunga hadithi za mapenzi, na sasa anakaa mpaka saa nane ya usiku anajifunza lugha ya kompyuta ili hadithi za wenzake zipate pa kulala. Fedha zilitoka katika michango midogo midogo. Ghala, Archive of Our Own, lilifunguliwa kwa umma kama jaribio tarehe 14 Novemba 2009, yaani miaka miwili na nusu baada ya lile andiko. FanLib yenyewe ilikwisha fungwa mwaka 2008.

Tarakimu zao si mchezo. Kufikia Julai 2019 ghala lilikuwa na kazi milioni 5. Agosti mwaka huo, huko Dublin, lilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fasihi ya sayansi na miujiza, na watunzi wa kawaida wasio na majina wakaanza kutaniana kwamba kila mmoja wao ameshinda Hugo. Julai 2023 watu waovu waliishambulia seva kwa maombi ya uongo mpaka tovuti ikazimika, wakadai fedha, na waliojitolea wakairudisha bila kuwalipa. Ghala lina pia mradi wa kupokea maktaba ndogo za hadithi ambazo watunzaji wake wamechoka au wanakaribia kufunga. Wanazipakia ndani zote, na majina ya watunzi wake. Naona hilo ni jambo la heshima kubwa. Mzee wa maktaba ndogo anasema sasa sina nguvu tena, na kuna mahali pa kumkabidhi.

Jibu la pili lilitoka kwa watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal yenyewe. Programu ya LiveJournal ilikuwa huria, maana yake mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuitumia. Denise Paolucci na Mark Smith wakaichukua, wakaisafisha, na tarehe 30 Aprili 2009 wakafungulia watu mtandao ulioitwa Dreamwidth. Hauna matangazo, unaishi kwa ada za wale wanaotaka kulipa. Walitengeneza na chombo cha kuhamishia: unaingiza jina lako la LiveJournal na neno la siri, kinakwenda kuchukua shajara yako yote, na majibu yote yaliyo chini yake. Majibu ya watu ambao hawajahama nayo yanakuja, kila moja na jina la mwenyewe lililotajwa kuwa ni la LiveJournal. Utaratibu uliowezesha jina la mahali pengine kutambulika hivyo, OpenID, alikuwa ameubuni Fitzpatrick mwenyewe mwaka 2005.

Kwa hiyo vyombo vilipita. Hadithi zilipata ghala, shajara zikapata nyumba mpya. Ukisimulia mpaka hapa utasema walishinda, na wengi huishia hapa hapa.

Mimi sitaishia hapa, kwa sababu nikisoma maandishi yao ya 2010 na kuendelea nasikia watu wanaolia. Hadithi ziko salama na watu wanalia; wanalilia nini? Wanalilia kile kibaraza. Ghala lina nafasi ya kutoa maoni chini ya hadithi, naam, lakini halikujengwa kwa ajili ya mtu kusema leo bosi kanitukana, au mama yangu amelazwa, na hapo hapo mtu akamjibu, na jibu hilo likazaa mazungumzo juu ya sura ya saba. Dreamwidth ilikuwa na nafasi hiyo, tena iliyofanana na ya zamani kama pacha. Lakini walioingia walikuwa baadhi. Wengine walibaki LiveJournal, maana rafiki zao walikuwa bado huko, na hao rafiki walibaki kwa sababu hiyo hiyo. Wakati wa kati watu waliandika kotekote, andiko moja katika nyumba mbili, na mazungumzo yakagawanyika: nusu ya majibu huku, nusu kule, na mtu wa huku hasikii mzaha wa kule. Orodha za marafiki zilijengwa upya kwa mkono, jina moja moja. Wengine walibadili majina wakati wa kuhama na hawakuonekana tena. Wengine walikuwa wamekufa, na shajara ya marehemu haina mwenye neno la siri wa kuihamisha.

Umati, hasa wa vijana, ulikwenda Tumblr, iliyoanzishwa 2007. Kule kulikuwa na picha, kulikuwa na kasi, na jambo zuri lilirudiwa na watu elfu kwa jioni moja. Lakini kujibizana kulikuwa kwa taabu. Ukitaka kujibu, ulilirudia andiko zima katika ukurasa wako na kuongeza neno lako chini. Mwingine akalirudia la kwako. Baada ya siku mbili kulikuwa na matoleo mia ya mazungumzo yale yale na hakuna aliyeyaona yote. Watu walipigiana makofi sana na kuongea kidogo. Hawakuwa na seva, bila shaka. Yahoo iliinunua Tumblr mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1, na Desemba 2018, ikiwa chini ya Verizon, ilipiga marufuku picha na maudhui ya watu wazima, watu wakaondoka makundi kwa makundi. Agosti 2019 iliuzwa kwa Automattic kwa bei ambayo iliripotiwa kuwa chini ya dola milioni 3. Wale wale waliokimbia mistari ya 2007 walijikuta wanafunga mizigo tena, ila safari hii walipofunga, hadithi zao hazikuwamo katika mizigo. Zilikuwa ghalani tangu zamani.

Ndiyo maana nasema uhamaji ule ulifaulu nusu. Walichokijengea nyumba yao wenyewe kilibaki. Walichokiacha katika nyumba za kupanga kiliendelea kuhamahama, na kila kuhama kilipungua. Wapo wanaosema mazungumzo ni kitu cha kupita, hadithi ndiyo ya kudumu. Sikubaliani nao. Mwandishi anayeanza hafundishwi na hadithi zilizokwisha kamilika peke yake. Anafundishwa na yule anayemwambia, hapa umenidanganya.

Warusi nao wana sehemu yao katika habari hii. LiveJournal ilikuwa ya Kimarekani kwa kuzaliwa, lakini tarehe 1 Februari 2001 msomi wa fasihi Roman Leibov, wa Tartu huko Estonia, aliandika humo kwa Kirusi, na huhesabiwa kuwa wa kwanza. Baada yake waliingia waandishi, wanahabari, wapinzani wa serikali na watetezi wake. Waliiita Zhivoi Zhurnal, yaani shajara hai, na kwa kifupi ZhZh, na kwa miaka kadhaa ndipo palipokuwa na siasa ya kusomeka kuliko magazetini. Desemba 2007 kampuni ya SUP ya Moscow iliununua mtandao wote. Desemba 2016 seva zikahamishiwa Urusi. Tarehe 4 Aprili 2017 wenye akaunti walikuta masharti mapya yanayofuata sheria za Urusi, na huna budi kuyakubali kwanza ndipo uione shajara yako. Yaliwekwa pia kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikasema yenyewe kwamba haina nguvu ya kisheria. Jamani! Unawekewa mkono katika karatasi ya lugha usiyoisoma ili uruhusiwe kuingia chumbani kwako. Mashabiki wa Kiingereza waliokuwa wamebaki tangu 2007 waliondoka wakati huo, wengi kwenda Dreamwidth, na chombo cha kuhamishia kikapata kazi nyingi.

Warusi wengi wao walikwisha sogea zamani, wakaingia Facebook. Hawakujenga ghala wala hawakunakili programu, ingawa ilikuwa wazi kwao kama kwa wengine wote; walitafuta mwenye nyumba wa mbali, ambaye serikali yao haimfikii. Tarehe 4 Machi 2022, vita ya Ukraine ikiwa na siku chache, Facebook ilizuiwa nchini Urusi. Wakahamia Telegram. Siwalaumu, maana kwa mtu anayeogopa polisi seva ya kwake mwenyewe ni kitu cha kukamatwa nacho. Wale kina mama wa hadithi za mapenzi huko Marekani waliweza kusajili shirika, kufungua akaunti ya benki na kuandika majina ya viongozi wao hadharani. Si kila mahali jambo hilo ni jepesi.

Na hapa ndipo ninapofika kwetu, maana sikuisoma historia hii kwa ajili ya kupitisha wakati.

Sisi vijana tunaoandika kwa Kiswahili, ambao hatujapata mchapishaji na pengine hatutampata, tunachapisha kwenye simu. Hadithi inatoka sehemu kwa sehemu, leo ya kwanza, kesho ya pili, "itaendelea" chini yake kama katika magazeti ya zamani. Wasomaji wapo, tena wakali. Kundi moja la kusomeana hadithi nililokuwamo, katika mtandao nisioutaja, lilikuwa na muuguzi wa Tanga aliyekuwa akitusahihisha kila mhusika anapojeruhiwa: jeraha kama hilo halishonwi, linaachwa wazi. Alikuwamo kondakta mmoja aliyeijua barabara ya Dodoma kama kiganja chake, ukikosea saa ya basi kufika Gairo anakuumbua mbele ya watu. Asubuhi moja kundi halipo. Ujumbe ulisema tumevunja kanuni za jumuiya. Kanuni ipi haukusema, na tulipokata rufaa tulijibiwa na mashine. Hadithi zetu tulikuwa nazo, kila mtu ana nakala yake. Sahihisho za yule muuguzi hazikuwa kwa mtu yeyote. Zilikuwa kule, chini ya sura, na kule hakupo tena.

Ungesema basi jengeni ghala lenu. Nimelifikiria sana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilidai mtu anayeendesha jukwaa la namna hiyo apate leseni, na ada zake za mwanzo, yaani maombi, leseni na mwaka wa kwanza, zilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo hata JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 na yenye wasomaji wengi kuliko sisi mara nyingi sana, ilifunga milango kwa muda kwa ajili ya kanuni hizo. Zimerekebishwa tangu hapo, zaidi ya mara moja, lakini mtu aliyemaliza kidato cha nne na kuishi kwa vibarua akisikia neno leseni hurudi nyuma hatua tatu. Kisha Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na waandishi waliokuwa wakitoa hadithi fupi fupi humo walibaki wanatafutana kwa njia za kuzunguka. Kwa hiyo kwetu kupanga ni hatari na kujenga ni ghali.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya LiveJournal yasiyohitaji leseni. La kwanza ni ile nakala ya majibu pamoja na majina. Wale watengenezaji wa Dreamwidth walielewa kwamba andiko likihama bila majibu yake linafika likiwa bubu, wakakitengeneza chombo chao hivyo tangu mwanzo. Sisi hatuna chombo, ila tunaye dada mmoja katika kundi anayenakili maoni ya wasomaji kila Jumapili, sura kwa sura, katika faili moja, na kulituma kwa wenzake wanne. Ni kazi ya kuchosha, na hulalamika kila wiki.

La pili ni kule kuhesabiana. Baada ya kundi letu kufungwa tulianza kutafutana kwa namba za simu, mmoja akimkumbuka mwenzake, huyu akimjua yule kwa shangazi yake. Kondakta tulimpata stendi. Muuguzi hatujampata, katika kundi alitumia jina la maua, na jina lake halisi hakuna aliyewahi kumwuliza. Zamani tulikuwa mia mbili na zaidi. Mpaka naandika haya, namba zilizomo katika daftari ni kumi na tisa.